Ukungu si ukungu tu

"Bwana shamba, ukungu ni ukungu. Niambie tu nipige dawa gani." Siku ya soko iliyopita, pale Kasulu, niliyasikia maneno hayo mara nne kabla ya saa sita mchana. Mara ya nne yalitoka kwa mama mmoja mwenye bustani ya matango bondeni. Jani alilonishikisha lilikuwa jeupe kama limemwagiwa unga wa muhogo. Alikuwa amekwisha kupiga dawa mara tatu ndani ya wiki tatu, na weupe ulikuwa unazidi. Nikamwomba pakiti. Viambato vyake, yaani kemikali zenyewe zinazoua, ni metalaksili na mankozebu.

"Mama, dawa hii ni nzima kabisa. Ila huu si ugonjwa wake."

"Dukani wameniambia ni ya ukungu."

Na dukani hawakumdanganya, pakiti imeandikwa hivyo. Kilichomponza ni neno lenyewe. Nimechoka kulieleza jambo hili mtu mmoja mmoja huku foleni inasubiri, kwa hiyo naliandika hapa mara moja pamoja na mengine yanayofanana nalo.

Dhana: Majina ya Kilatini ni ya mitihani, shambani ukungu ni mmoja

Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu inakula fedha za watu ambao hawana fedha za kuchezea. Nimeisikia kwa wakulima, nimeisikia kwa wauza pembejeo, na kinachoniuma zaidi, nimeisikia kwa vijana waliotoka chuo cha kilimo juzi tu.

Kiswahili chetu chenyewe kinatutega. Tunao ubwiri unga na ubwiri vinyoya. Ukiyasikia majina hayo utadhani ni watoto wa mama mmoja. Sivyo. Ubwiri unga wa matango na maboga husababishwa na Podosphaera xanthii, kuvu halisi. Ubwiri vinyoya wa mimea hiyo hiyo husababishwa na Pseudoperonospora cubensis, ambayo si kuvu hata kidogo. Ni oomaisiti. Oomaisiti hukua kwa nyuzi kama kuvu na hutoa spora, yaani vijimbegu vyake vya kuenea, kama kuvu, ndiyo maana kwa miaka mingi wataalamu wenyewe waliziweka kapu moja. Lakini ukuta wa seli ya kuvu halisi umejengwa kwa khitini, kitu kile kile kilichomo kwenye gamba la mende, na ukuta wa oomaisiti umejengwa zaidi kwa selulosi na jamii yake. Oomaisiti nyingi hutoa spora zenye mikia miwili ambazo huogelea ndani ya tone la maji. Jamaa zake wa karibu ni mwani wa kahawia wa baharini. Kuvu halisi, kwa nasaba, iko karibu na wanyama. Kwa hiyo ubwiri unga una undugu wa karibu zaidi na mbuzi aliyefungwa pembeni ya bustani kuliko alio nao na ubwiri vinyoya.

Mtu ataniuliza, nasaba hiyo inanisaidia nini mimi niliyebeba bomba mgongoni? Inakusaidia pale dukani. Metalaksili huua kwa kuzuia kimeng'enya ambacho oomaisiti hutumia kutengeneza RNA, molekuli ambayo seli huihitaji ili itengeneze protini. Kwa kuvu halisi haina kazi. Tebukonazoli, hekzakonazoli na ndugu zao huzuia utengenezaji wa ergosteroli, kiungo muhimu cha utando wa seli ya kuvu. Oomaisiti hazitengenezi ergosteroli, kwa hiyo hakuna cha kuzuia. Karbendazimu nayo haizigusi. Salfa, ambayo wenzetu wa korosho kule Mtwara na Lindi wanaijua vizuri, hufanya kazi safi kwenye ubwiri unga, lakini kwenye ubwiri vinyoya ni kama umenyunyiza vumbi. Mankozebu na dawa za shaba hupiga seli sehemu nyingi kwa pamoja, kwa hiyo zinafaa kwa magonjwa ya pande zote mbili, ila ni kinga: hubaki juu ya jani zikisubiri spora itue, haziingii ndani kutibu. Na kwa ubwiri unga mankozebu ni dhaifu.

Sasa rudi kwa yule mama. Kiambato kimoja cha pakiti yake hakikuweza kabisa kukigusa kimelea alicho nacho, na cha pili kilikuwa dhaifu. Wiki tatu. Nilichomwambia ni kukata majani yaliyoharibika zaidi, kununua salfa ya kuchanganya na maji, na kupiga jioni, kwa sababu salfa juani huunguza majani ya jamii ya matango.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana. Metalaksili hupiga sehemu moja tu ya kimelea, na kimelea huizoea upesi. Tayari mwaka 1980 wakulima wa viazi Ireland na Uholanzi walikuta haiui tena. Kila unapoipiga mahali isipohitajika, huku oomaisiti chache zikiwa zimejificha kwenye nyanya za jirani, unazifundisha kuishi nayo.

Mambo ni yale yale kwenye nyanya. Baka jani tangulia ni kazi ya Alternaria, kuvu halisi: madoa ya kahawia yenye duara ndani ya duara, yakianzia majani ya chini. Baka jani chelewa ni Phytophthora infestans, oomaisiti: madoa makubwa kama jani limemwagiwa maji ya moto, na kingo za doa upande wa chini huwa na ukungu mweupe mwembamba asubuhi. Kule Buhigwe wapo wanaosema nyanya zimechomwa na baridi. Baridi haichomi hivyo. Baridi yenye unyevu huipa Phytophthora nafasi ya kuogelea. Kimelea hicho ndicho kilichoangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, na watu wapatao milioni moja wakafa. Mwaka huo huo Mfaransa Montagne alikiita Botrytis infestans, akidhani ni kuvu ya kawaida. Mwaka 1876 Mjerumani Anton de Bary, aliyekuwa amechunguza jinsi kinavyozaliana, alikiundia jenasi (kundi la spishi ndugu) yake mpya, Phytophthora, yaani mharibu mimea. Alikihamisha kwa sababu tabia zake zilikataa kukaa kule kulikokuwa na wengine. Mkulima anayepuuza uhamisho huo leo anaulipia dukani.

Ushauri wangu, na nitaurudia hadi sauti ikauke: amka alfajiri kabla umande haujakauka, geuza jani. Unga juu ya jani unaofutika kwa kidole, hasa siku kavu, ni ubwiri unga; spora zake hazihitaji jani lililolowa. Madoa ya njano yaliyobanwa na mishipa ya jani, na chini yake vinyoya vya kijivu au zambarau, ni ubwiri vinyoya, na huo hupenda masika. Saa tano mchana umechelewa, vinyoya vimeshanyauka. Kisha dukani usiulize "dawa ya ukungu". Uliza kiambato. Kimeandikwa kwenye pakiti kwa maandishi madogo chini ya jina la biashara.

Dhana: Jina jipya, ugonjwa mpya

Hivi karibuni nilitumiwa ujumbe uliosambaa kwenye simu kwamba ugonjwa mpya wa maharage uitwao Pseudocercospora griseola umeingia Kibondo. Ni madoa pembe! Yale yale waliyoyaona babu zetu. Mwitaliano Saccardo aliiita Isariopsis griseola mwaka 1878, baadaye ikawa Phaeoisariopsis griseola, na mwaka 2006 uchunguzi wa vinasaba ukaipeleka Pseudocercospora. Kuvu haikutoka mahali ilipo. Angalia jina la pili: griseola limekaa pale pale muda wote, kwa sababu kanuni za kutaja majina hulilinda jina la spishi hata jenasi ikibadilika. Mbegu iliyovumilia madoa pembe mwaka juzi haikupoteza uvumilivu wake kwa sababu mtu amechapisha makala.

Mara chache jina la pili nalo hubadilika. Kuvu ya kuoza mahindi iliyofundishwa kwa miaka mingi kama Fusarium moniliforme sasa ni Fusarium verticillioides. Sumu yake, fumonisini, iko vile vile. Anika mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo, na usiyaweke ghalani yakiwa na unyevu.

Dhana: Majina mawili kwenye kitabu ni vimelea viwili

Hapa sitawalaumu sana wanafunzi, kwa sababu sayansi yenyewe ndiyo iliyoyaleta. Kuvu nyingi zina hatua mbili za maisha, ya kuzaliana kwa jinsi na ya kuzaliana bila jinsi, na kila hatua iliruhusiwa kuwa na jina lake. Baka la majani ya mahindi likawa Setosphaeria turcica huku na Exserohilum turcicum kule. Kongamano la wataalamu wa mimea lililofanyika Melbourne, Australia, mwaka 2011 lilifuta ruhusa hiyo: kuvu moja, jina moja. Vitabu vilivyochapwa kabla ya hapo bado viko kwenye rafu zetu, na ndivyo vinavyotumika.

Dhana: Chule ya maharage huhamia kwenye kahawa

Manyovu nimekuta mtu ameng'oa maharage yote katikati ya mibuni yake kwa sababu aliambiwa maharage yenye chule yataleta chulebuni, ugonjwa unaoozesha buni. Familia yake ilikula nini msimu ule, sikuthubutu kuuliza. Vimelea hivi viwili ni jenasi moja, Colletotrichum, na ukoo huishia hapo. Cha maharage ni Colletotrichum lindemuthianum. Cha buni ni Colletotrichum kahawae. Hakuna kinachovuka kwenda kwa mwenzake.

Lisome tena jina hilo la pili. Kahawae. Limetokana na neno letu, kahawa, na lilitolewa na wataalamu Waller na Bridge mwaka 1993. Kabla ya hapo chulebuni, iliyoripotiwa Kenya mwaka 1922, ilikuwa inabebeshwa jina la Colletotrichum coffeanum, kuvu iliyoelezwa kutoka Brazili, nchi ambayo haina chulebuni kabisa. Jina moja lilikuwa likifunika kuvu isiyo na madhara makubwa na kuvu inayoozesha buni zikiwa bado mbichi. Ukitafuta mfano wa kwa nini jina sahihi ni kazi ya shambani, huo hapo, na kwa lugha yako mwenyewe. Kwa kahawa yako, acha maharage yakae, pogoa mibuni hewa ipite, na okota buni zilizokauka mtini baada ya mavuno, maana zinabaki na kuvu ya kuanzia msimu ujao.

Dhana: Fusarium ya mgomba itaua michikichi

Tangu watu wa Kigoma waanze kupanda tenera, michikichi chotara, kwa wingi, swali hili linakuja kila mwezi. Mgomba na mchikichi wote huugua Fusarium oxysporum, hiyo ni kweli. Lakini ndani ya spishi hiyo kuna makundi yaliyopewa jina la tatu kulingana na mmea yanaoushambulia, utaratibu ulioimarishwa na wataalamu Snyder na Hansen mwaka 1940: cubense kwa migomba, elaeidis kwa michikichi, lycopersici kwa nyanya, phaseoli kwa maharage. Kundi la mgomba halimnyaushi mchikichi. Anayeishia kwenye jina la pili amesoma nusu ya anwani. Cha kuogopa ni kuhamisha udongo na machipukizi kutoka shamba lenye ugonjwa kwenda kupanda zao lile lile, kwa sababu kuvu hii huishi udongoni miaka mingi bila hata mmea.

Na kabla hujasema mgomba wako una Fusarium, kata shina. Ukiona usaha wa njano unatiririka na ndizi zimeiva kabla ya wakati, hiyo ni bakteria, Xanthomonas. Fusarium huacha michirizi ya kahawia nyekundu ndani, bila usaha. Batobato na michirizi kahawia ya muhogo ni virusi. Hakuna dawa ya ukungu itakayosaidia hata kimoja kati ya hivyo, na anayekuuzia anachukua fedha yako bure.

Ukiniletea jani, lilete kwenye gazeti, lenye doa jipya ambalo kingo zake bado ni za kijani, na uandike zao, kijiji na siku uliyolichuma. Usilete kwenye mfuko wa nailoni. Likikaa humo usiku mmoja linaoza, na kuvu za uozo ndizo nitakazoziona kwenye hadubini, si ile iliyolidhuru shambani.