Soko huria ni nini, na duka la mtaani linaingiaje hapo

Neno soko huria watu wanalirusha tu. Sukari ikipanda, soko huria. Jirani kafunga duka, anaambiwa ndo soko huria hiyo mzee, kama vile ni mvua imenyesha. Ngoja niliseme kwa mambo ya hapa hapa Kigoma.

Angalia dagaa pale Kibirizi. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hawaendi ziwani maana taa zao hazivuti kitu, dagaa wanaadimika na bei inapanda bila mtu yeyote kukaa kikao, halafu giza likirudi mitumbwi inakuja imejaa na bei inaporomoka yenyewe. Ndo hivyo. Bei inatoka kwa anayeuza na anayenunua, serikali haipangi, na yeyote mwenye leseni anafungua biashara hata mlango wa pili kwa mwenzake. Haimaanishi hakuna sheria, mizani inakaguliwa, petroli ina bei kikomo inayotolewa kila mwezi na EWURA, mamlaka ya serikali ya nishati na maji, na Sheria ya Ushindani ipo tangu 2003.

Zamani haikuwa hivi. Baada ya Azimio la Arusha 1967 biashara kubwa ya jumla ikashikwa na serikali, mikoani zikaja RTC, kampuni za serikali za biashara za mkoa, na 1976 ikapigwa Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe yapishe ya ushirika na ya kijiji. Wazee watakwambia habari ya foleni ya sabuni, unapanga mstari hujui hata kama itakufikia. Milango ikaanza kulegezwa 1984 kwenye bajeti, akaingia Rais Mwinyi, Mzee Ruksa, na mitumba ikajaa. Kwa hiyo anayelilia enzi zile mimi simwelewi kabisa.

Sasa uhuru wa mteja kuchagua. Kwenye vitabu mteja ni mfalme, anaenda penye bei chee. Sawa, ila huyo mfalme lazima awe na hela ya kutosha mkononi siku hiyo! Pale Mwanga karibu na kwetu kuna mama ana kaduka, nondo dirishani, daftari la madeni limefungwa kwa kamba ya viatu. Anapima mafuta kwa kikombe, sukari anafunga ya robo kwenye kimfuko, sabuni ya mche anaikata vipande. Ukipiga hesabu kwa kilo anauza ghali kuliko duka la jumla, kweli kabisa, lakini anachouza siyo sukari tu, anauza udogo wa kipimo na anauza mkopo mpaka mwisho wa mwezi. Hicho kwenye bei hukioni.

Na usidhani mkubwa ndo anashinda siku zote, maana supamaketi kubwa za Nakumatt na Uchumi walikuja toka Kenya na mashelfu yao na wote wakaondoka, maduka ya uchochoroni yamebaki. Kinachommaliza huyu mama ni sisi wenye mshahara. Tukipata hela tunabeba kilo tano tano kwa muuza jumla mjini, zikiisha tarehe 20 ndo tunamkumbuka na daftari lake, kwa hiyo cash yetu inaenda kule na madeni yanabaki kwake, na yeye mzigo ananunua kwa hela taslimu jamani. Kila mmoja wetu kachagua vizuri tu kwa mfuko wake, hakuna aliyekaa akasema duka lile life.

Mwezi uliopita alifunga wiki mbili, mtaji umekata. Dogo wa jirani akatumwa minisupa ya barabarani na kichupa chake na shilingi mia tano, akarudi nacho kitupu, kaambiwa mafuta madogo kabisa waliyonayo ni nusu lita.