Programu uliyopewa na chuo: tunayoyaamini kuhusu leseni za wanafunzi, na yaliyo kweli

"Chuo kimeshalipia, kwa hiyo ni yangu." Nimeisikia kauli hii mara nyingi kutoka kwa wanafunzi wazuri, waaminifu kabisa, na ndiyo inayozaa makosa mengine karibu yote.

Ukweli ni kwamba hata chuo hakijanunua programu yenyewe. Kimelipia ruhusa ya kuitumia, kwa muda fulani, kwa watu fulani na kwa shughuli fulani. Chuo ni mpangaji, nawe ni mgeni wa mpangaji. Mwenye nyumba ni kampuni iliyoitengeneza programu, na kanuni za nyumba zimo kwenye ule mkataba mrefu ambao wengi wetu tunaukubali bila kusoma hata aya moja. Mwaka 2020 vyuo vikuu viwili vya mji wa Harbin, China, vilikatiwa MATLAB, programu ya hesabu za kihandisi, baada ya serikali ya Marekani kuviingiza kwenye orodha ya taasisi zilizowekewa vikwazo vya biashara. Wanafunzi waliokuwa wakiitegemea kwa miradi yao wakaikosa, bila wao wenyewe kuvunja sharti lolote.

"Mimi ni mwanafunzi, kwa hiyo kila ninachofanya ni kazi ya mwanafunzi." Hapa ndipo wengi wanapokwama, na sioni ajabu, maana kosa lenyewe huja limevaa sura ya wema au bidii. Leseni ya masomo huuliza maswali mawili: wewe ni nani, na kazi hii ni ya nini? Tunalikumbuka la kwanza tu. Autodesk, kampuni ya programu za uchoraji wa kihandisi kama AutoCAD, kwa mfano, huwapa wanafunzi na walimu programu zake bila malipo kwa mwaka mmoja, na mwaka huo unaweza kuhuishwa maadamu bado unastahili, lakini inakataza kuzitumia kwa kazi ya biashara au ya kuingiza faida. JetBrains, watengenezaji wa zana za kuandikia programu, nao hutoa leseni ya mwaka mmoja mmoja kwa masomo yasiyo ya kibiashara. Basi mtu akikuomba umchoree ramani ya nyumba akakulipa, umeshatoka nje ya leseni, hata kama kitambulisho chako cha chuo bado ni halali na malipo yenyewe ni madogo.

Mtego mkubwa zaidi ni mafunzo ya vitendo kazini. Unafika ofisini na kompyuta yako, msimamizi anaona ina programu wanayoihitaji, anakwambia, "Fanyia hapo hapo." Kazi inayotoka ni ya ofisi na inakwenda kwa mteja wa ofisi. Alama utakazopewa na chuo haziigeuzi kuwa zoezi la darasani. Najua ilivyo vigumu kwa kijana aliyeripoti juzi kumkatalia mkubwa wake, kwa hiyo liseme mapema, siku ya kwanza, kabla hujapangiwa kazi: "Samahani, leseni niliyo nayo ni ya masomo tu. Naomba nitumie ya ofisi." Msimamizi anayeijua kazi yake ataelewa, kwa sababu ofisi yake nayo imo hatarini.

Wapo pia walioogopa kupita kiasi, wakadhani hawaruhusiwi kuchapisha makala au kuweka kwenye tasnifu michoro waliyoitengeneza kwa programu ya leseni ya masomo. Hofu hiyo haina msingi katika leseni nyingi za masomo. Utafiti wa kitaaluma ni sehemu ya matumizi yanayokusudiwa, na matokeo ya jasho lako hayageuki kuwa mali ya kampuni ya programu. Mambo hubadilika pale kampuni ya nje inapougharimia utafiti na kudai matokeo yawe yake. Hapo mtafute msimamizi wako na ofisi ya teknolojia ya chuo kabla hujaanza, na ujibiwe kwa maandishi.

"Toleo la wanafunzi ni lile lile, ila la bure." Wakati mwingine ndiyo, wakati mwingine si kweli hata kidogo. Ansys Student, toleo la wanafunzi la programu ya uchambuzi wa kihandisi, ina ukomo wa ukubwa wa modeli: kwa uchambuzi wa miundo huwezi kuvuka nodi au elementi 128,000, yaani nukta na vipande vidogo ambavyo modeli hugawanywa. Lijue hilo kabla hujamwahidi msimamizi modeli kubwa.

"Hakuna atakayejua." Matoleo ya zamani ya AutoCAD ya wanafunzi yalikuwa yakipiga muhuri kwenye kila mchoro uliochapwa, ukitaja kwamba umetokana na toleo la elimu. Ukinakili kipande cha mchoro huo ukakibandika kwenye mchoro wa ofisi, muhuri nao ulihamia huko. Siku hizi programu nyingi huwasiliana na seva ya leseni, yaani kompyuta inayohakiki leseni kupitia mtandao, kila zinapofunguliwa.

Kumpa ndugu au rafiki nenosiri lako la chuo hakuruhusiwi, na sababu si ubahili wa kampuni peke yake. Leseni nyingi za maabara zina idadi maalumu ya watu wanaoweza kuitumia kwa wakati mmoja. Chuo kikiwa na nafasi 25, mtu wa 26 anazuiwa mlangoni, na huenda ni mwenzako wa darasa anayewasilisha kazi kesho asubuhi. Hata kuiacha programu wazi usiku kucha ukiwa umelala ni kumkalia mwenzako kiti.

"Bure ni bure tu." Hapana. R, programu ya takwimu, hutolewa bila malipo chini ya GPL, leseni ya programu huria, na unaruhusiwa kuitumia kwa masomo, kwa biashara, leo na baada ya kuhitimu. Masharti yake makubwa huja pale unaposambaza programu yenyewe au uliyoitengeneza kutokana nayo. Masharti hayo hayagusi majedwali na grafu zako. Leseni ya mwanafunzi ya bure haifanani nayo kabisa: hapo bei imeondolewa, uhuru haukutolewa. Nawasihi walimu walifundishe hili katika muhula wa kwanza, maana mwanafunzi anayelijua huchagua chombo chake akijua mwisho wake.

"Nikihitimu nitaendelea kuitumia mpaka iishe yenyewe." Kwa leseni nyingi, haki ya kuitumia huisha pale hadhi ya mwanafunzi inapokoma, hata kama programu bado inafunguka. Na akaunti ya chuo ikifungwa, mafaili yaliyomo kwenye hifadhi yake ya mtandaoni yanaweza kupotea nayo. Kwa hiyo fanya haya yafuatayo wiki kadhaa kabla ya kuondoka, programu ingali inafunguka. Data za SPSS, programu ya takwimu ya kulipia, zihifadhi pia katika muundo wa CSV, yaani jedwali la maandishi matupu linalosomwa na karibu programu yoyote, pamoja na faili la maandishi linaloeleza kila kigezo na maana ya namba zake. Faili la asili la SPSS, lenye kiambishi .sav, usilitupe: PSPP, programu huria inayofanana na SPSS, hulisoma, na R pia. Msimbo wa MATLAB ujaribu kwenye GNU Octave, programu huria inayofanana na MATLAB, uone ni mistari ipi inakataa. Michoro itoe katika PDF, kisha nakala zote ziweke mahali ambapo hapahitaji nenosiri la chuo.