Je, wajua kwa nini watu wawili husikia mambo mawili tofauti katika vipokea sauti vilevile vya masikioni?

Anayesoma maelezo ya wasikilizaji kuhusu vipokea sauti vya masikioni vya daraja la juu, yaani vile vidogo vinavyochomekwa ndani kabisa ya tundu la sikio na ambavyo wanamuziki wengi huvitumia jukwaani, hakawii kukutana na jambo la kushangaza. Msikilizaji mmoja ataandika kwamba besi ya kifaa fulani ni nene na inatikisa kifua, na mwingine, aliyesikiliza kifaa hichohicho, ataandika kwamba besi imekonda na kwamba herufi "s" za mwimbaji zinachoma kama sindano. Msomaji hudhani kwamba lazima mmoja wao anadanganya, ama hajui anachokisema. Mara nyingi wote wawili wanasema kweli. Kifaa cha namna hii hutoka kiwandani kikiwa bado hakijakamilika, kwa kuwa kipande chake cha mwisho ni sikio la mtu anayekivaa, na hakuna masikio mawili yaliyochongwa sawasawa, hata yale ya kichwa kimoja.

Tuanze na tundu lenyewe. Kwa mtu mzima lina urefu wa takriban sentimita 2.5, limefunguka upande wa nje na limezibwa kwa ndani na ngoma ya sikio. Bomba lolote lenye umbo la namna hiyo huwa na masafa ambayo hulivumisha kuliko mengine, kama vile chupa inavyovuma mtu akipuliza mdomoni mwake, na kwa sikio masafa hayo huangukia karibu na hezi 3,000, yaani mitetemo 3,000 kwa sekunde. Hapo sikio, pamoja na jani lake la nje, huiongezea sauti nguvu ya zaidi ya desibeli 10 kabla haijaifikia ngoma, nasi hatulitambui hilo kwa sababu hatujawahi kusikia kwa namna nyingine. Ubongo umekwisha kulihesabu kuwa ndiyo hali ya kawaida ya dunia. Mtu anapochomeka kipokea sauti, bomba lililokuwa wazi linazibwa, na mvumo ule wa asili unatoweka. Mbunifu wa kifaa hana budi kuurudisha yeye mwenyewe, kwa kuvitengeneza vispika vyake vitoe sauti kubwa zaidi katika eneo hilohilo, ili muziki umfikie msikilizaji kana kwamba sikio lake bado liko wazi.

Ila je, aurudishe kwa kiasi gani? Yeye hufuata wastani wa masikio mengi, wakati hakuna mtu anayesikiliza kwa sikio la wastani. Akirudisha pungufu ya kile ambacho sikio lako hukiongeza, waimbaji watasikika kama wameketi nyuma ya pazia. Akizidisha, watakupigia kelele usoni. Haya ndiyo maneno tunayoyakuta kila siku katika maelezo ya wasikilizaji, "pazia" na "kelele", na yote mawili huweza kusemwa kwa haki kuhusu kifaa kimoja.

Tundu lililozibwa lina mvumo wake mpya, na huu ndio unaoleta ugomvi mkubwa zaidi. Sasa bomba limefungwa pande zote mbili, ngoma upande mmoja na kipokea sauti upande wa pili, kwa hiyo masafa yake hutegemea urefu uliobaki kati ya viwili hivyo. Kwa hesabu ya haraka, zikibaki sentimita 2, mvumo unaangukia karibu na hezi 8,500. Mtu akikisukuma kifaa ndani zaidi, ikabaki sentimita 1.5, mvumo unapanda hadi karibu na hezi 11,400. Tofauti hiyo ya nusu sentimita, ambayo kidole huweza kuifanya bila mwenyewe kujua, si ndogo hata kidogo, kwa sababu mkwaruzo wa herufi "s" na "sh" una nguvu nyingi kati ya hezi 5,000 na 10,000. Mvumo ukiangukia hapo, kila "s" inawaka. Ukipanda juu zaidi, "s" inatulia na badala yake matoazi ya ngoma yanapata mng'ao. Jaribio lake ni rahisi: chagua wimbo wenye sauti ya kike iliyorekodiwa karibu na maikrofoni, kisha ukisukume kifaa ndani kidogokidogo huku wimbo ukiendelea. Utasikia ukali ukihama kama mtu anayepanda ngazi. Ndiyo maana maelezo yasiyotaja kifaa kilivaliwa kwa kina gani, na kwa vipira vya aina gani, mimi huyasoma kwa tahadhari, hata yawe yameandikwa kwa ufundi namna gani.

Vipira hivyo vya ncha, viwe vya silikoni au vya sponji, ndivyo vinavyoamua hatima ya besi. Kispika kidogo kilichofungiwa ndani ya tundu hufanya kazi kama pampu: kinakandamiza na kulegeza hewa iliyomo, ambayo ujazo wake haufiki hata kijiko cha chai, na shinikizo hilo ndilo ngoma ya sikio huliona kuwa ni sauti. Kwa sauti nzito, ambazo mawimbi yake hubadilika polepole, upenyo mwembamba kama unywele unatosha kuiruhusu hewa itoroke kabla shinikizo halijajengeka. Sauti nyembamba hazijali, kwa sababu mawimbi yake hubadilika haraka kuliko hewa inavyoweza kuponyoka. Matokeo yake ni kwamba kifaa kinachovuja hakisikiki kama kilichoharibika. Kinasikika safi, chepesi na chenye makali, na mwenye nacho anaamini kabisa kwamba hivyo ndivyo kilivyoundwa. Anayetaka kuhakikisha aseme neno moja kwa sauti yake ya kawaida akiwa amekivaa. Sauti yake ikivuma kichwani kama anaongea ndani ya mtungi, tundu limezibika vizuri. Upande usiovuma ndio unaovuja. Hata kutafuna, au kutabasamu tu, hubadilisha umbo la tundu na kuufungua upenyo uliokuwa umefungwa.

Nikienda kando kidogo, vifaa hivi vina undugu wa karibu na visaidizi vya kusikia. Kampuni ya Etymotic ya Marekani, iliyoanzishwa na Mead Killion mwaka 1983, ilikuwa inashughulika na elimu ya usikivu kabla ya kutoa kipokea sauti chake cha ER-4 mwaka 1991, na mwaka 1995 fundi sauti Jerry Harvey alitengeneza vipokea sauti vya jukwaani kwa ajili ya mpiga ngoma Alex Van Halen, kazi iliyozaa kampuni ya Ultimate Ears. Kutoka kwenye visaidizi vya kusikia kilirithiwa kispika cha aina ya pekee: kijiti kidogo cha chuma kilichowekwa katikati ya sumaku, ambacho mkondo wa umeme ukipita kwenye koili inayokizunguka hutikisika na kukisukuma kiwambo chembamba. Ni kidogo kiasi kwamba vinne, sita au zaidi huweza kupangwa katika ganda moja, kila kimoja kikipewa sehemu yake ya masafa.

Mpangilio huo wa vispika vingi una tabia ambayo wengi hawaitarajii. Ukinzani wa umeme wa kifaa cha namna hii haukai mahali pamoja. Hupanda na kushuka kulingana na masafa. Tuchukue mfano wa kifaa chenye omu 40 kwenye masafa fulani na omu 5 kwenye masafa mengine. Kikichomekwa kwenye chombo cha kuchezea muziki ambacho tundu lake la kutolea sauti lina ukinzani wa nusu omu, maeneo hayo mawili hutofautiana kwa chini ya desibeli 1, jambo ambalo masikio hayalihisi sana. Kikichomekwa kwenye chombo chenye omu 10, tofauti inakuwa zaidi ya desibeli 7, na hapo si kifaa kilekile tena: kimepinda sauti yake kabisa bila mtu yeyote kugusa kitu zaidi ya kuhamisha waya. Kwa hiyo msikilizaji anayedai kwamba amplifaya yake mpya "imefungua" sauti huenda hajidanganyi, ijapokuwa maelezo anayoyatoa kuhusu chanzo chake, kwa mfano ubora wa dhahabu iliyomo ndani, huwa hayahusiani na kilichotokea.

Kiwango cha sauti nacho ni mtego, tena wa zamani. Watafiti Harvey Fletcher na Wilden Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio halizipimi sauti zote kwa mizani moja: sauti ikiwa ndogo, besi hufifia kwetu kuliko sauti za kati, na kadiri inavyoongezwa ndivyo besi inavyoijongelea nafasi yake. Vipokea sauti viwili vikisikilizwa kitufe cha sauti kikiwa mahali palepale, kile chenye wepesi zaidi wa kupokea umeme kitasikika kwa nguvu zaidi, na kwa sababu hiyo tu kitaonekana kina besi iliyoshiba na sauti iliyojaa. Tofauti ya desibeli 1 huweza kutosha kumfanya mtu asiseme "hiki kina sauti kubwa" bali aseme "hiki ni bora". Kuvilinganisha vifaa viwili bila kusawazisha kwanza ukubwa wa sauti zake ni sawa na kuwapima watu urefu huku mmoja wao amevaa viatu vyenye visigino.

Halafu kuna ubongo, ambao haukai kimya. Aliyesikiliza kifaa chenye ukali kwa saa nzima, kisha akavaa kilichotulia, atakiona cha pili kimezibwa kwa blanketi. Akikivaa kwa nusu saa, blanketi linaondoka lenyewe. Wapenzi wa vifaa hivi wengi huamini kwamba ni kifaa kilicholainika baada ya kutumiwa kwa saa nyingi. Mimi naona kwamba katika hali nyingi aliyelainika ni msikilizaji. Vilevile wanaposifu "upana wa uwanja", yaani hisia kwamba vyombo vya muziki vimetawanyika kuzunguka kichwa, wanasifu kitu ambacho ubongo unakijenga kwa malighafi pungufu, maana jani la sikio, ambalo mikunjo yake ndiyo hutuambia sauti imetoka mbele, nyuma au juu, limerukwa kabisa. Sauti inaingizwa moja kwa moja ndani ya tundu, na mwimbaji anaishia kusimama katikati ya fuvu. Kutoka hapo, anayefanikiwa kumwona mbele yake anasaidiwa sana na ustadi wa aliyeirekodi sauti, na kidogo na bahati ya umbo la sikio lake.

Bei, bila shaka, haikosi kuulizwa. Utafiti uliochapishwa na Jeroen Breebaart mwaka 2017, uliokusanya vipimo vya vipokea sauti 283 vya aina mbalimbali, haukuona uhusiano kati ya bei ya kifaa na jinsi kinavyogawanya nguvu zake kati ya besi na sauti nyembamba. Haina maana kwamba fedha haileti chochote: huweza kuleta ganda linalokaa vyema sikioni, waya unaobadilishika, na pande mbili za kulia na kushoto zilizooanishwa kwa uangalifu. Wanaochongewa ganda kwa kufuata umbo la masikio yao hupata faida nyingine, kwamba kifaa hukaa kwa kina kilekile kila siku na hakivuji, kwa hiyo walichokisikia jana watakisikia na leo.

Lakini hata kifaa kilichooanishwa vizuri huharibiwa na vitu vidogo. Kwa takriban wiki mbili nilikuwa nikisifu upole wa vipokea sauti nilivyonavyo, na nilikuwa nimeanza kuandika kwamba vinamweka mwimbaji upande wa kulia kidogo, kwa namna niliyoiona ya kisanii. Siku moja nikabadilisha waya, wa kulia nikauchomeka kushoto na wa kushoto kulia. Kama kosa lingekuwa kwenye rekodi au kwenye chombo cha kuchezea muziki, mwimbaji angehamia kushoto. Hakuhama. Nikakiinua kipande cha kushoto karibu na tochi nikakitazama mdomoni: kile kichujio cha wavu, kidogo kuliko punje ya mtama, kilikuwa kimefunikwa zaidi ya nusu na nta ya sikio, ya manjano, iliyokauka. Nilipoweka kichujio kipya mwimbaji alirudi katikati, na ule upole wote ukaondoka naye.