"Una uhakika?" Dhana potofu kuhusu skrini za uthibitisho

Nina steshenari ndogo Mwanga, Kigoma mjini. Mchana natoa fotokopi na kuwajazia watu maombi ya mtandaoni, jioni natengeneza tovuti za wafanyabiashara. Kwa hiyo nawajua wote wawili, anayekibuni kitufe na anayekibonyeza. Huyu wa pili hasomi. Wabunifu wenzangu ninaobishana nao WhatsApp wana imani zao kuhusu skrini za uthibitisho, zile zinazokuuliza kabla jambo halijafanyika, na nadhani wangeziacha wakikaa kwenye benchi langu siku ya mwisho ya maombi ya mkopo wa chuo.

Dhana: Ukimuuliza mtu "Una uhakika?" atasita na kufikiri

Mara ya kwanza, labda. Mara ya kumi kidole kimeshajibu kabla jicho halijafika. Programu inayouliza ukihifadhi, ukifunga, ukirudi nyuma, inamfundisha mtumiaji kwamba swali ni kero ya kupita. Siku likija swali la maana, linapokelewa na mazoea yale yale.

Tena swali lenyewe ni tupu. Uhakika wa nini? Aliyekosea namba ya simu ana uhakika kabisa, ndiyo maana amebonyeza.

Tazama pesa za simu. Menyu ya nyota na reli haina rangi wala picha, na ujumbe wake mmoja hauzidi herufi 182. Ila kabla ya kudai namba ya siri inakutajia kiasi na jina la mpokeaji. Mama mmoja anayechukua dagaa Kibirizi alisimama mezani kwangu akinisogezea simu: "Mwanangu, huyu ndiye nani tena?" Jina lililotokea halikuwa la mvuvi wake, alikuwa amekosea tarakimu moja. Akaacha hapo hapo. Kilichomsimamisha ni jina la mtu asiyemjua.

Dhana: "Ndiyo" na "Hapana" zinaeleweka na kila mtu

Kwa Kiswahili, hapana. (Au ndiyo, hazieleweki. Unaona?) Ukimuuliza mtu "Hutaki kuendelea?", asiyetaka atakujibu "Ndiyo", yaani ni kweli, sitaki. Aliyeandika programu akifikiri Kiingereza anategemea huyo huyo abonyeze "Hapana". Swali la kukanusha lisiwekwe kabisa juu ya vitufe hivyo.

"Ghairi" nayo ina vituko vyake. Skrini inauliza "Unataka kughairi oda?", chini kuna "Ghairi" na "Sawa". Unaghairi oda, au unaghairi kughairi? Andika "Futa oda" na "Bakiza oda", mtu asome kitufe peke yake aelewe.

Dhana: Taarifa zote zikiwa sahihi kwenye skrini, kazi imekwisha

Hapa nilikosea mimi mwenyewe. Nilimtengenezea mwenye gesti moja Tabora, karibu na stesheni ya treni, ukurasa wa kuweka chumba. Wageni wake wengi hushuka usiku wa manane. Mgeni anachagua tarehe na saa ya kufika, skrini inamrudishia alichochagua, anathibitisha. Nikajiona fundi.

Mgeni mmoja alijua atafika Jumanne usiku, saa saba na nusu. Akachagua Jumanne, 01:30. Skrini ikamwonyesha "Jumanne, 01:30", naye akakubali, kwa sababu ndicho alichochagua. Kwa kompyuta, saa hiyo ilikuwa imepita saa 24 kabla yeye hajashuka kwenye behewa. Alikuta chumba chake kimepewa mtu mwingine na dada wa mapokezi ameshikilia daftari: "Kaka, wewe tulikungoja jana."

Hakuna tarakimu iliyokuwa na kosa pale. Ila sisi usiku wa Jumanne tunaendelea kuuita wa Jumanne mpaka kukuche, na saa tunaanza kuzihesabu jua likichomoza au likizama. Siku hizi skrini ile inasema: "Utafika usiku wa kuamkia Jumatano, saa 7:30 usiku." Ni ndefu na inaniharibia mpangilio kwenye simu ndogo. Inabaki hivyo hivyo. Kumrudishia mtu maneno yake mwenyewe hakumsaidii kuona kosa. Mwambie kwa lugha yake kitakachotokea.

Dhana: Jambo likiwa kubwa, ongeza watu wa kuidhinisha

Agosti 2020 benki ya Citibank ya Marekani ilikusudia kuwalipa wakopeshaji wa kampuni ya vipodozi ya Revlon riba ya dola milioni 7.8 hivi. Zikatoka karibu dola milioni 900. Malipo yalipita mikononi mwa watu watatu, na programu ilitoa onyo kwamba fedha zitatoka nje ya benki, ikauliza kama waendelee. Onyo halikutaja kiasi. Ili deni lenyewe lisilipwe, ilibidi kuweka alama kwenye visanduku vitatu. Wao waliweka kwenye kimoja, na wote watatu waliamini kinatosha. Kesi ilifika mahakamani, benki ikashindwa 2021, ikashinda rufaa 2022. Watu watatu wakitazama skrini ile ile isiyosema kitu, wanakosea kwa pamoja.

Dhana: Huduma isiyo na swali la uthibitisho ni ya kizembe

Mwongozo wa W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, wa mwaka 2008 kuhusu tovuti zinazofikiwa na watu wote unataka, kwa mambo ya fedha na ya kisheria, angalau kimoja kati ya vitatu: kitendo kiweze kutenduliwa (kirudishwe nyuma), taarifa zikaguliwe ili mtu azirekebishe, au athibitishe kabla ya kutuma. Gmail haikuulizi kama una uhakika na kila barua; inakupa hadi sekunde 30 za kuirudisha. Mimi nachagua kutendua kila inapowezekana.

Hawaii, jimbo la Marekani, 13 Januari 2018, wananchi walitumiwa tahadhari ya kombora lisilokuwepo. Swali la uthibitisho lilikuwepo, maneno yale yale kwa mazoezi na kwa tukio la kweli. Ujumbe wa kuikanusha haukuwa umeandaliwa, na watu walikaa na hofu dakika 38.

Dhana: Mtumiaji akishabonyeza, uthibitisho umekwisha

Ungekuwa na mtandao wetu usingesema hivyo. Mteja anabonyeza "Lipia", kiduara kinazunguka, mtandao unakatika. Pesa zimekwenda au hazijakwenda? Anabonyeza tena, na huduma iliyotengenezwa ovyo inamkata mara mbili. Dawa inajulikana: kila ombi lipewe namba yake kabla ya kutumwa, likirudi mara ya pili seva (kompyuta inayopokea maombi) ilitambue na ijibu "hili tayari tumelipokea". Halafu uje ujumbe mfupi wenye kiasi, jina na namba ya muamala, kwa sababu ukurasa hupotea na SMS hubaki. Yule mama wa Kibirizi hafuti hata moja. Simu ikimwambia nafasi imejaa, anakuja kwangu nimfutie picha.