Afya ya Vijana Baada ya Masomo na Wakati wa Likizo: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba likizo yenyewe humjenga mtoto: akiachwa huru atacheza, atapumzika na kurudi shuleni akiwa na nguvu mpya. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007 ulionyesha kinyume chake, kwani uwiano wa uzito na urefu wa watoto wa chekechea na darasa la kwanza uliongezeka kwa kasi zaidi wakati wa likizo ndefu kuliko walipokuwa shuleni. Siku ya shule ina saa ya kuamka, ya kula na ya kucheza. Ratiba hiyo ikiondoka, usingizi huchelewa, vitafunio huliwa ovyo na muda wa kukaa mbele ya skrini hurefuka. Programu ya likizo, yaani shughuli zilizopangwa kwa ajili ya vijana chini ya msimamizi, hurejesha mpangilio huo bila kurejesha mitihani, na kwa maoni yangu hapo ndipo ilipo thamani yake kubwa.

Wengine huamini kwamba programu ya afya ni michezo, tena ya wenye vipaji. Ni kweli kwamba Shirika la Afya Duniani linapendekeza vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa angalau dakika 60 za mazoezi kila siku, na kwamba takwimu za mwaka 2016 zilionyesha takribani wanne kati ya watano wa miaka 11 hadi 17 hawafikii kiwango hicho. Hata hivyo, kocha anayewachagua wachache na kuwaacha wengine wakitazama hapunguzi idadi hiyo. Michezo ya kumtoa anayeshindwa ina kasoro hiyohiyo, kwa sababu anayetolewa mapema mara nyingi ndiye aliyehitaji zaidi kukimbia.

Afya ya akili nayo husahaulika, ilhali takribani theluthi moja ya matatizo yake huanza kabla ya umri wa miaka 14. Mlezi wa programu anayekutana na vijana kila wiki ana nafasi nzuri ya kuona mabadiliko mapema.

Si kweli pia kwamba kuwakusanya vijana kunatosha. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2010 ulibaini kuwa programu za baada ya masomo zilizofundisha stadi hatua kwa hatua, kwa vitendo na kwa malengo bayana, ndizo zilizoleta mafanikio.

Kuhusu hofu ya masomo kudorora, mazoezi hayashushi alama. La kuangalia ni saa ya kumaliza: kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, na programu inayomfikisha nyumbani usiku, kazi za shule zikimsubiri, humpunguzia usingizi huo.