Sifuri ya geji si sifuri ya kisima

Wiki hii nimelisikia tena. Saa mbili asubuhi, yadini kwetu Iyunga, baridi ya Julai bado imeganda kwenye vyuma, kijana aliyeko mafunzoni ameshika spana mkono mmoja na mwingine ameuegemeza kwenye boneti, kifuniko cha juu cha valvu yenye geji ya kupimia presha. "Mwalimu, geji iko sifuri. Tufungue?"

Nikamwambia weka spana chini. Sauti ilinipanda, na baadaye nilimwomba radhi kwa sauti hiyo. Kwa amri yenyewe sikuomba radhi. Ni kijana anayejituma, na huyu ni wa tatu kuniambia hivyo tangu Pasaka. Wa kwanza alikuwa na miaka kumi na minne kazini.

Watu wa hapa huniuliza fundi wa vichwa vya visima, yaani valvu na vyuma vinavyofunika mdomo wa kisima, anafanya nini Mbeya wakati gesi iko Songo Songo na Mnazi Bay. Rungwe kuna hewa ukaa inayotoka ardhini kwa presha yake yenyewe na inavunwa. Huko Ngozi na Kiejo-Mbaka, maeneo ya volkano, watu wanatafuta jotoardhi. Bomba la TAZAMA, la mafuta ya kwenda Zambia, linapita huku tangu 1968. Na valvu zilizochoka huletwa na lori kufanyiwa huduma. Popote kwenye kitu kilichofungiwa ndani ya chuma, lile neno "iko sifuri" lipo, na linatamkwa kama hati ya daktari.

Geji haisomi kisima. Inasoma kilichofika ndani ya kibomba chake kilichopinda, basi. Bourdon alikisajili kibomba hicho Ufaransa mwaka 1849 na mpaka leo ndicho tunachotumia: kikijaa presha kinajaribu kunyooka, gia ndogo zinasukuma mshale. Kati ya kisima na kibomba hicho kuna tundu, valvu ndogo ya sindano, pengine vipande viwili vifupi vya bomba na kiwiko. Kimoja kikiziba, geji itakueleza habari za kizibo, na itakueleza kwa uaminifu kabisa.

Nianze na kosa dogo ambalo watu hulidharau. Bar moja ni karibu sawa na mkandamizo wa hewa kule pwani. Chukua geji ya bar 0 hadi 700, ya kawaida kwenye kichwa cha kisima cha psi 5,000, yaani bar 345. Daraja lake la usahihi limeandikwa usoni, tuseme 1.6. Maana yake inaruhusiwa kukosea asilimia 1.6 ya kipimo chake chote, si ya inachosoma. Hiyo ni bar 11. Geji nzima, mpya, yenye cheti, inaweza kuonyesha sifuri huku kuna bar 11 na bado iko ndani ya haki yake. Bar 11 chini ya boneti yenye mduara wa kuzibia wa sentimeta 20 zinasukuma kwa nguvu ya tani tatu na nusu. Halafu mtu amelegeza nati sita kati ya nane na ameinamisha uso pale juu.

Geji nyingi zina kijiti kidogo pale kwenye sifuri cha kuuzuia mshale usishuke zaidi. Kibomba kikiharibika, mshale ungependa kwenda chini ya sifuri, kijiti kinauzuia, na wewe unaona sifuri safi. Geji isiyo na kijiti ingekuonyesha ugonjwa wake. Mimi nikipewa nafasi ya kuchagua, nachagua isiyo nacho.

Sasa jambo la huku juu, ambalo vitabu vilivyoandikwa na watu wa pwani havikupi. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya bahari. Hewa inatukandamiza kwa takriban bar 0.83, wakati Mtwara ni 1.01. Maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, na kila anayepika maharage anajua gharama yake. Geji zilizojazwa gliserini hufungwa kiwandani kwa kizibo cha mpira juu ya kasha. Ukiipandisha hapa bila kukikata au kukifungua kizibo hicho, ndani ya kasha kumebaki hewa ya bahari, inakisukuma kibomba kutoka nje. Geji inasoma pungufu kwa karibu bar 0.18. Kwenye kichwa cha kisima hiyo si kitu. Kwenye mlango wa tangi wenye upana wa sentimeta 60 ni nguvu ya kilo 500 na ushee, imejificha nyuma ya mshale uliolala kwenye kijiti chake. Kila mwezi naona geji mpya zimefungwa na kizibo kizima. Maelekezo yamo kwenye boksi. Boksi limetupwa.

Kuhusu kuziba nitapita haraka kwa sababu mafundi wengi wanajua, ila hawakumbuki kwa wakati. Grisi kavu, kutu, mchanga, chokaa. Kwenye gesi asilia kuna haidreti, barafu ya maji na gesi ambayo haisubiri nyuzi sifuri: metheni kwenye bar 100 inaganda na maji hata kwenye nyuzi 10, na alfajiri za Juni huku ni baridi kuliko hapo. Kwenye hewa ukaa kuna hatari nyingine. Ikiwa kimiminika ndani ya bomba na ukaipumulisha, yaani ukaiachia itoke nje, kwa pupa, ikishuka chini ya bar 5.2 za presha kamili (ile inayohesabu na mkandamizo wa hewa) haiwezi tena kubaki kimiminika. Inageuka gesi na barafu kavu. Barafu hiyo inaziba palepale unapopumulishia. Mlio unakata, geji iliyo upande wako inashuka hadi sifuri, kila mtu anasema imeisha. Jua likipanda, kizibo kinaachia. Na kumbuka hewa ukaa ni nzito kuliko hewa tunayovuta, kama mara moja na nusu, kwa hiyo inajaa kwenye shimo la kichwa cha kisima, palepale fundi anapochuchumaa. Wenyeji wa Rungwe wanavijua vibonde ambamo ndege na wadudu hufa bila jeraha.

Lakini kinachonikera zaidi ni tumbo la valvu, kwa hiyo nivumilie.

Valvu ya lango la bamba watu wengi wanaidhani ni ukuta unaopanda na kushuka: juu ni wazi, chini ni funga. Hapana. Lango lina tundu lake, na pande zote mbili kuna viti, yaani pete za kuzibia, vinavyolibana. Ikiwa imefungwa kabisa, tumbo la valvu, ile nafasi inayozunguka lango, linaweza kutengwa na bomba. Hilo wanalikubali. Wanalokataa kuamini ni kwamba ikiwa imefunguliwa kabisa, tumbo linaweza kutengwa vilevile, kwa sababu viti vinabana na kuziba hata pale. Tumbo linaonana na bomba kwa uhakika lango likiwa katikati tu. Nimebishana na watu wenye shahada juu ya hili mpaka nikachora kwa chaki sakafuni.

Kwa hiyo valvu inatolewa kisimani ikiwa wazi kabisa, kama inavyotakiwa isafirishwe, unaona mwanga upande wa pili, unasema haina kitu. Tumbo limebeba presha ya kisima, limepakiwa kwenye lori, limepita Songea, Njombe na Makambako, limefika Iyunga. Haijaungwa na chochote duniani na bado ina presha.

Na presha hiyo haitulii. Tumbo likijaa kimiminika bila povu la hewa, mafuta au grisi laini, hesabu ya karatasini inakupa kama bar 10 kwa kila nyuzi moja ya joto. Asubuhi ya nyuzi 6 kimiminika kimesinyaa na presha imeshuka kweli. Saa saba mchana chuma kilicholala juani kinaunguza kiganja. Nyuzi 20 za tofauti ni bar 200 kwenye karatasi. Nakiri kwamba sijawahi kuona namba kubwa kiasi hicho yadini, maana karibu kila tumbo lina povu kidogo, na povu dogo tu linameza sehemu kubwa ya ongezeko hilo. Siwezi kukwambia valvu yako ina povu kiasi gani. Kwa hiyo naifanyia kazi kama haina.

Hapohapo nigusie gurudumu. Valvu ya bamba ukishaifunga mpaka mwisho, rudisha robo mzunguko, lango lielee na libanwe na presha yenyewe kwenye kiti cha mbele. Ile ya lango la kutanuka ni kinyume: lazima uikaze, kwa sababu kukaza ndiko kunakolitanua. Nikikuta valvu kuukuu, bamba la jina limeng'oka, rangi juu ya rangi, kuna siku nimesimama mbele yake bila kujua nirudishe au nikaze. Kitabu kinasema rejea kwa mtengenezaji. Mtengenezaji ndiye aliyeng'oka pamoja na bamba. Mimi huhesabu mizunguko, nasikiliza mkono, nasikiliza bomba upande wa pili. Silipendi jibu hilo, lakini ndilo ninalolitumia.

Halafu kuna neno "imefungwa". Mwongozo wa API RP 14B, wa taasisi ya petroli ya Marekani, unaofuatwa kwa valvu za usalama zilizoko ndani ya kisima, unaikubali valvu inayovujisha gesi hadi futi za ujazo 15 kwa dakika. Hizo ni kama lita 425 kila dakika, na valvu imefaulu mtihani. Sisemi mwongozo ni mbaya; valvu ile kazi yake ni kuzuia kisima kisilipuke, si kukulinda wewe ukibadilisha gasketi. Nasema usiichukue "imefungwa" ya kazi moja ukaipeleka kwenye kazi nyingine.

Basi sifuri ya kweli inapatikanaje? Fundi umeme mzuri hajaribu waya kwa testa aliyoiokota. Anaijaribu kwanza kwenye soketi yenye umeme, anapima waya, kisha anarudi kwenye soketi kuhakikisha testa haikufa katikati. Geji nayo ni hivyo. Ipandishe kwa pampu ya mkono uone mshale unatembea, ifunge mahali pake, na kazi ikiisha ipandishe tena. Chagua geji ya kipimo kidogo kwa hatua za mwisho. Bar 2 hutaziona kwenye uso wa bar 700. Lakini usiifunge ndogo mpaka kubwa imeshuka, la sivyo utaipasua.

Kisha pumulisha, na uone kitu kikitoka. Hapa ndipo nasisitiza mpaka vijana wananichoka: sifuri ambayo hukuona ikitoka hujaipata. Lazima kuwe na mlio au mtiririko, upungue, ukate. Tundu ambalo halikutoa chochote tangu mwanzo limenyamaza, na ukimya wake unaweza kuwa wa kizibo. Baada ya hapo funga njia ya kupumulishia na usubiri. Mshale ukipanda, kuna kitu kinavuja kuja upande wako.

Usubiri muda gani? Kwenye anulasi, ile nafasi kati ya bomba na bomba, ya kisima cha gesi nimesubiri saa 24 na nikaona ni haki. Kwenye nafasi ndogo kati ya valvu mbili nasubiri nusu saa. Hiyo nusu saa niliirithi kwa mzee aliyenifundisha, naye aliirithi. Nafasi ikiwa kubwa na uvujaji mdogo, nusu saa haitakuonyesha kitu. Nafasi ikiwa ndogo, dakika tano zinatosha. Inatakiwa kupigiwa hesabu kila mara, na mara nyingi huwa hatuipigi, nami nikiwemo.

Turudi kwa kijana wangu. Valvu ile ilikuwa wazi kabisa, ncha zote mbili hazina kitu, geji imefungwa kwenye tundu la tumbo kupitia valvu ya sindano. Mshale sifuri. Nikamwuliza, "Uliona nini kikitoka?" Akanyamaza. Tukaigeuza kwa kreni ndogo, ncha moja ikaelekea ukutani na nyingine kwenye uwanja mtupu, tukafunga kamba watu wasipite, tukasimama ubavuni, si mbele wala nyuma ya boneti. Nikampa gurudumu alizungushe taratibu kuelekea katikati, akihesabu kwa sauti.

Kwenye mzunguko wa tano ikatema. Mlio mkali wa sekunde tatu, nne, halafu grisi nyeusi na maji yakaruka mpaka kwenye kamba, na harufu ya gesi ikatanda yadini. Kijana aliachia gurudumu akarudi nyuma hatua mbili, kisha akarudi mwenyewe kulishika. Nilitazama geji wakati wote huo. Mshale haukutikisika.

Saa saba tukaing'oa ile valvu ya sindano na kuikata katikati kwa msumeno. Tundu lake lote lilikuwa limejaa grisi ya zamani, ngumu kama sabuni ya mche.