Klorini haioshi dumu la maziwa

Juzi kwenye kituo cha kukusanyia maziwa mzee mmoja alinipa dumu lake nilikague. "Mtaalamu, hili limelala na klorini usiku kucha." Nikapitisha kidole ndani ya shingo yake. Linateleza.

Nimechoka kusikia kwamba klorini inaua kila kitu. Utelezi ule ni utando wa bakteria. Wakishagusa ukuta wa chombo hujishikiza, huzaana, na hutoa ute wa sukari na protini unaowafunika wote. Klorini ikimiminwa hupambana kwanza na ute huo na mabaki ya maziwa, na nguvu yake huishia hapo hapo juu. Walio chini haiwafikii. Asubuhi unatia maziwa mapya, nao wanabanduka kidogo kidogo na kuyaingia.

Usiongeze dawa, sugua! Suuza kwanza kwa maji ya uvuguvugu, kwani ya moto sana hugandisha protini ukutani. Kisha sabuni, maji ya moto na brashi, suuza tena, ndipo klorini, halafu kiinamishe chombo kikauke. Tabu ni kwamba mkono haupiti kwenye shingo ya dumu, na plastiki ikishakwaruzika, kila mkwaruzo ni maficho. Ndiyo maana nang'ang'ania keni ya aluminiamu yenye mdomo mpana, ingawa bei yake naijua na inaniuma kumwambia mwenye ng'ombe wawili.

"Si yatachemshwa?" Yachemshwe, ndiyo. Lakini sumu ya bakteria aitwaye Staphylococcus aureus ikishatengenezwa ndani ya maziwa, inastahimili kuchemka. Tena utando huota hata mbele ya safari, baada ya chakula kuiva. Kanada mwaka 2008, bakteria aina ya Listeria walijificha ndani kabisa ya mashine za kukatia nyama zilizopikwa kiwandani, na watu zaidi ya 20 walikufa. Mashine hizo zilikuwa zikioshwa.

Kinachonikosesha usingizi ni vipimo vyangu mwenyewe. Pamba ninayopitisha kwenye chombo huondoka na bakteria waliolegea, walioshikilia hubaki. Majibu yakija sifuri naandika "safi" kwa moyo mzito. Siku hizi, kando ya jibu la maabara, naandika pia kama chombo kiliteleza.